Ncha ya Pembe ya Kulungu

Nilikuwa nimeshaifuta kabla sijajijua. Ncha ya mkuki iliyochongwa kwa pembe ya kulungu, yenye meno ubavuni, ina miaka elfu tatu, na mimi Velma nimeisugua kwa pamba ya spiriti kama ninavyosugua mkono wa mgonjwa kabla ya sindano!

Lawama ni za ile kazi ya kutunza wazee kule Oakdale, huku Marekani. Miaka minne huko, vidole vimezoea: kabla ya kushika kitu, kifute. Mchana huo nilitoka zamu nikaja moja kwa moja maabara ya chuo, pakiti ya pamba bado mfukoni.

Lenny, Mkenya mwenzangu darasani, aliona pamba imegeuka kahawia akashika kichwa.

"Velma! Hiyo ndio damu walikuwa wanaenda ku-test leo!"

Nilijua. Saa nane Profesa Abigail, mkuu wa maabara, angetafuta damu kwenye mikato kati ya meno yake, ajue mkuki uliua mnyama gani. Nafasi yangu maabara na barua ya kunipendekeza kwa shahada ya pili, vyote vilikuwa mikononi mwake. Zilibaki dakika kumi.

"Nyamaza tu," Lenny alinong'ona. "Wata-test wakose, waseme ilikuwa pambo. Nani atajua? Flush hiyo pamba."

Pambo! Mtu alikaa kwenye baridi hii ya Minnesota akichonga meno yale moja moja apate kulisha watoto, halafu aitwe mtengeneza mapambo kwa sababu mimi ni mwoga. Nilimchukia Lenny, nikajichukia zaidi, maana nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kuelekea chooni.

Mlango ukafunguliwa. Profesa aliingia akivaa glavu.

"Nimeifuta," nikasema. "Kwa spiriti. Pamba hii hapa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliigeuza ncha chini ya taa, akainusa, akaitazama pamba.

"Spiriti imeharibu yote," alisema. "Hatutajua kamwe."

Akafungua daftari la kumbukumbu za vifaa, akanisogezea kalamu. "Andika ulichofanya. Halafu jina lako kamili."

Niliandika yote, nikaweka jina. Habari ya barua sikuthubutu kuuliza. Aliyeichonga ncha ile hajulikani. Aliyeiharibu ni Velma Nkirote, kwa wino mweusi.