Mwanamke wa Kitambaa cha Buluu

Makhanu, kitinda mimba wangu, alifanya kazi miaka kumi na minane katika ofisi ya wachoraji wa majengo hapo Nakuru mjini. Kabla ya ghorofa yoyote kujengwa, yeye aliitengeneza kwanza ikiwa ndogo, ya kadibodi, ndio mwenye ploti aone vile itakaa.

Nami nyumba yangu ya Kiamunyi ilikuwa inavuja. Siku ya mwisho tulipoonana nilimwambia, "Unajengea matajiri, na mama yako analala na sufuria kitandani ya kukinga mvua."

"Ngoja kidogo tu, Mama," akasema, akicheka. Mimi sikucheka. Ijumaa hiyo lori likamgonga, nikamzika na hilo neno langu likiwa katikati yetu.

Juzi ofisi ikanipigia simu. Siku hizi wanachora kwa kompyuta, na vijumba vyake vinatupwa.

"Shosho, chukua chenye unataka," Joyline wa mapokezi akaniambia. "Lakini kijana wako alikuwa msumbufu! Kila jengo lazima aweke mwanamke mdogo wa kadibodi, wa kitambaa cha buluu kichwani, mlangoni. Bosi anamng'oa, anasema hii ni benki, si soko."

Nikapapasa kitambaa changu kichwani.

"Na hii ya mwisho aliyotengeneza?" nikauliza, nikigusa ghorofa iliyokuwa mezani.

"Kwa hiyo hatukumwona huyo mwanamke."

Nikainua paa. Alikuwa ndani, chumba cha juu kabisa, ameketi kitandani. Sufuria hakuna.

Nikarudisha paa polepole, nikabonyeza kila pembe, mvua isimfikie.