Nyumba Pamoja na Mama Ndani

Mimi Saumu nimeuzwa nikiwa hai, na aliyeniuza ni mwanangu wa kumzaa. Msianze kunipa pole. Ngojeni kwanza niseme.

Nyumba ya mjini Rahaleo tulijenga mimi na marehemu mume wangu, yeye na mizigo ya bandarini, mimi na vitumbua vyangu vya asubuhi. Alipofariki, masheikh wakakaa kugawa urithi, nikatajiwa thumuni yangu, fungu la mjane. Nikasema mbele za watu, fungu langu namwachia Abdulkarimu, mtoto mwenyewe ni huyu mmoja, nigombanie na nani? Nikabaki na chumba cha uani na ahadi ya mwanangu kwamba humo nitatolewa kwa jeneza. Sikutaka kitu kingine duniani.

Basi Abdulkarimu akaingiwa na tamaa ya Fuso, lori la kubebea saruji. Nyumba ikatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi akaja: Magreth, nesi mstaafu kutoka Masasi, anataka kufungua gesti. Mwanamke mgumu yule, astaghafirullah! Kila akija anatoa kasoro mpya. Bati limeoza, choo kinanuka, ukuta una ufa. Na mwanangu naye hashushiki, ufa anaambiwa yeye anasema ni rangi imebabuka. Mwezi mzima wanavutana sebuleni huku wananimalizia sukari yangu.

Mwisho kikabaki kikwazo kimoja, mimi. Abdulkarimu alisema nyumba anauza, lakini mama yake akae chumbani kwake mpaka Mungu amchukue. Nilipomsikia nilimwombea dua, machozi yalinitoka. Magreth akasema sawa, ila bei ishuke.

"Nanunua vyumba sita, napewa vitano," akasema. "Hicho cha sita sijui nitakipata lini."

Kesho yake Warda, mke wa Abdulkarimu, akaja chumbani kwangu anatabasamu. Warda hatabasamu bure.

"Mama, leo yule mgeni anakuja kukujulia hali. Jilaze, jifunike vizuri. Akikuuliza, sema kichwa."

"Kichwa hakiniumi."

"Mama nawe! Si kwa faida yako? Akikuona mgonjwa atakuhurumia, akuache ukae."

Nikajilaza. Mjinga mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikajifunika shuka mpaka kidevuni mchana wa jua kali.

Magreth akaingia na mfuko wa machungwa. Pole bibi, pole sana. Akakaa kitandani, akanishika mkono akasikiliza mapigo, akanivuta kope akatazama jicho, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba kisha akautazama. Nikaona, huyu kumbe ana huruma, manesi ndivyo walivyo. Nikamwombea na yeye. Dua zangu siku zile zilikuwa za kumwaga tu.

Wakarudi sebuleni. Sasa nyumba zetu zile za zamani kuta hazifiki juu kwenye bati. Akikohoa mtu wa mbele, wa uani anamjibu pole. Abdulkarimu amezaliwa humo, lakini siku hiyo alisahau, au hakujali.

"Mguu hauna maji," Magreth akasema. "Jicho lina damu nzuri, moyo unapiga sawasawa. Huyu, mdogo wangu, atanizika mimi."

"Dada Magreth, umemkuta ameamka vizuri leo. Usiku hatulali humu ndani! Ana presha, ana moyo. Wallahi, Ramadhani hii inayokuja Mama hafiki."

"Wenye nyumba wote husema hivyo. Nikikadiria mwaka, napunguza bei kidogo. Nikikadiria miaka mitano, napunguza sana."

"Mwaka mwingi," akasema mwanangu. "Hata miezi sita ni mingi."

"Na kula hali," Warda akadakia. "Jana vijiko viwili tu, akasukuma sahani."

Mwongo! Jana nilikula wali kwa samaki nikaomba na ukoko.

Basi wakanipimapima pale, huyu ananivuta miaka, huyu ananikata miezi, mpaka wakakubaliana miezi sita. Nikawasikia wanapeana mikono. Jamani, roho iliniuma. Si kwa sababu ya kufa, kufa nitakufa. Iliniuma jinsi mwanangu alivyofurahi.

Nikainuka. Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoka uani, nikatia kisamvu kwenye kinu, nikashika mchi. Nilitwanga, nyie! Nilitwanga mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Wote watatu wakatoka mlangoni. Abdulkarimu uso umemshuka, ananikonyeza nirudi ndani, nami naendelea.

"Njoo unibonyeze tena, mama!" nikamwambia Magreth. "Miezi sita? Ramadhani hii nafunga, na ya mwakani nafunga, na siku sita za Shawali juu yake! Nitakaa kile chumba mpaka gesti yako ioze!"

Raha niliyoisikia, sijapata kuisikia tangu ujana. Nikadhani nimewakomesha.

Magreth hakukasirika hata kidogo. Alicheka, tena cheko la mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hongera bibi. Mdogo wangu, mimi chumba nilikitoa kwa ajili ya mgonjwa. Huyu mgonjwa yuko wapi? Mtu mwenye nguvu hizi anahama kama watu wengine. Nakupa bei yako ya kwanza, ile kamili, nyumba ikiwa tupu. Hutaki, naondoka sasa hivi."

Nikamtazama mwanangu. Nilidhani atameza mate, atasema ngoja nifikirie, atatafuta neno.

"Itakuwa tupu," akasema.

"Abdulkarimu! Na ahadi yako?"

"Mama, nilikuombea chumba ukiwa mgonjwa. Umenitia aibu mbele ya mgeni, unataka nifanyeje? Shambani Mtawanya kuna kibanda chetu, kuna mikorosho, kuna hewa. Na nguvu unazo, tumeziona."

Mchi ukanitoka mkononi. Nikakaa chini pale pale kwenye mchanga, nikashika kifua. "Mwanangu, miguu yangu imekufa. Nakufa mie."

"Mama bwana!" Warda akaangua kicheko. "Si ulikuwa unatwanga sasa hivi?"

Wakacheka wote. Hata jirani aliyewarudisha kuku alicheka.

Siku ya kuhama ilikuja bajaji moja. Godoro langu juu, ndoo, kasha la nguo. Magreth alikwisha kuja na kufuli mpya, akanitilia chungwa mkononi. Dereva akauliza kile kinu kinabaki? Abdulkarimu akamwambia, "Kipakie hicho, ndiyo kazi yake." Nilitazama chumba changu mpaka bajaji ikakata kona.

Sasa niko Mtawanya, na jirani wa karibu mpaka umpigie ukelele. Kisamvu kipo, lakini mchi siuwezi tena. Miguu ilianza kujaa taratibu, nikasema ni uchovu. Jana nikafanya kama alivyofanya Magreth, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikatazama. Shimo likabaki. Nikangoja lijae, halikujaa. Usiku siwezi kulala chali, pumzi inakata, nakaa kitako mpaka alfajiri.

Asubuhi nikampigia Abdulkarimu. Nikasikia Fuso linanguruma.

"Mwanangu, miguu imevimba. Pumzi sina. Nipeleke hospitali."

Akacheka. "Mama, usianze. Kuugua kwako tunakujua."

Akakata simu. Nikapiga tena, hakupokea.

Kiapo kile alichoapa sebuleni, wallahi Mama hafiki, alikiapa kwa uongo, na miye nikaenda kumtwangia kinu kumsuta. Mwanangu hana dhambi tena. Ramadhani ni mwezi ujao, na mimi sifiki.