Upweke wa Watu Wanane

Mwalimu Nikolaus wa darasa la watu wazima alikuwa amesema, naye akisema amesema: asiyeleta shairi Ijumaa jioni atarudia darasa tangu a-e-i-o-u. Beti mbili, vina visigongane, na tashihisi isikosekane, yaani jiwe au wingu liseme kama mtu. "Tena liwe la kilimbwende," akaongeza. "Washairi wale wa Ulaya walikwenda porini peke yao, wakayatazama maumbile mpaka moyo ukafurika."

Flavia alikuwa na mtoto mgongoni, mtama wa kutwanga, na hamu ya cheti iliyovipita vyote viwili. Ijumaa alasiri akamkaza mwanawe Modest kwa kanga, akatoka hadi ile njia ya zamani ya misafara, nje kidogo ya Kwihara, akasimama. Hakushika jembe wala mtungi. Akalikodolea macho jiwe moja.

Moyo haujaanza kufurika, akatokea mzee Ngollo na baiskeli.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, baba. Natazama tu."

Mzee akacheka. Tangu lini mtu akasimama njiani bure? Akailaza baiskeli, akainama. "Pete, siyo? Mumeo hatumwambii."

Akaja Getruda na kuni, akazitua. Wakaja akina mama wanaotoka Ipuli. Bi Veneranda, mama mkwe, kusikia mkwewe kapoteza kitu, akafika na ungo, akaanza kupepeta mchanga.

"Kikoje chenyewe?"

"Kidogo," akajibu Getruda, asiyejua lolote.

Jua linaelekea kuchwa, walishatimia wanane. Walikuwa wameokota kifungo, jino la mbuzi, na jembe la Getruda lililopotea tangu masika ya mwaka juzi. Flavia naye aliinama akitafuta; angesimamaje wenzake wakihangaika?

Darasani jioni ile alisoma shairi aliloliandika mbio mbio kabla ya kipindi. Jiwe lilisema vizuri, vina vilikaa. Mwalimu akavua miwani.

"Flavia, nilitaka upweke. Humu naona watu wanane, baiskeli na ungo."

"Nilikuwa mpweke, Mwalimu. Kati ya wote, ni mimi tu niliyejua hakuna kilichopotea."

Mwalimu akaandika chini ya shairi: Amefaulu.

Mlangoni alisimama Bi Veneranda, ungo kwapani.

"Kimepatikana?"

"Kimepatikana, mama."

"Si nilisema. Wewe hujui kutafuta, unasimama tu."