Kidole cha Mélissa Getini

Mélissa aliiweka karatasi ya tangazo la bustani ya mabembea mezani, kati ya ugali na bakuli la dagaa, akaigongagonga kwa kidole.

"Papa, angalia. Tukienda mara tatu tu, pasi ya mwaka imeshajilipa. Mara ya nne tunaingia kama bure. Na maegesho yamo humo humo."

Didace hakuitazama karatasi. Aliendelea kufinyanga tonge lake.

"Na jua la Texas, nalo limo humo?"

"Papa!"

"Watu wanalipa ili wageuzwe miguu juu, kichwa chini, wapige kelele. Mimi nimepiga kelele bure miaka mingi. Inanitosha."

Franck, mwenye miaka minane, alicheka mpaka akapaliwa. Mélissa hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu mirefu, na akishika jambo haliachi.

"Jengo zima wanayo. Élodie anayo. Hata hubebi kitu mkononi. Unaweka kidole kwenye kioo, geti linafunguka."

Didace akarudisha tonge sahanini. Akanywa maji.

"Kidole cha nani?"

"Cha kila mtu. Siku ya kwanza wanachukua alama, basi. Imekwisha."

"Hakuna pasi," Didace akasema. "Na hiyo karatasi iondoe hapa, inalowa mchuzi."

Mkewe, Spès, alimwangalia kutoka jikoni. Alijua.

Mélissa hakuwa mtoto wa Didace wa kumzaa. Alikuwa wa kaka yake mkubwa, Sylvère. Mama mtu alikufa siku ya kujifungua, na miaka miwili baadaye Sylvère naye akafa kwa kipindupindu ufukweni mwa ziwa, wakati wakingojea meli ya kuwatoa Burundi. Didace alifika kambini, upande wa Kigoma, na mtoto mgongoni. Karani wa usajili akamuuliza ana watoto wangapi. "Mmoja," Didace akajibu, akamgeuzia mgongo amwone. Hakuwa anadanganya. Kwao mtoto wa kaka aliyekufa hahesabiwi pembeni. Anakula chungu chako, analala mkekani kwako, ni wako. Karani akaandika.

Miaka mingi baadaye, mafaili ya kuhamia Marekani yalipofunguliwa, ndipo Didace alipojua kwamba kwenye karatasi za wakubwa mtoto wa namna hiyo ana mstari wake tofauti. Wakati huo alikwisha kutia sahihi mara tatu kwamba ni wake wa kumzaa.

Na kulikuwa na siku ile ya meza. Meza ndefu chini ya turubai, juu yake mashine ya vidole, na kando ya mashine mwanamke mwenye glavu za buluu. Kwa baadhi ya familia mwanamke huyo alikuwa akichukua kijiti chenye pamba na kukisugua ndani ya shavu, kupima kama kweli ni ndugu wa damu. Familia iliyokuwa mbele yao, watu sita, walisuguliwa wote. Baada ya muda majina yao yakafutwa kwenye ubao wa wanaosafiri. Kambini watu wakanong'ona: damu imekataa. Familia ya Didace hawakuguswa na pamba. Mélissa alikuwa mdogo, hata kidole hawakumchukua.

Lakini tangu siku ile, kichwani mwa Didace kidole na pamba vilikuwa kitu kimoja. Aliacha shule darasa la nne. Hakuna aliyemwambia kwamba mashine ya kidole inasoma mistari ya ngozi tu. Yeye aliamini kile kioo kinafyonza jasho, na ndani ya jasho kinaona wewe ni damu ya nani. Ndiyo maana alizidi kusisitiza kwamba watu wamwite Baba Mélissa, wala si Baba Franck. Aliliweka jina hilo mlangoni kama komeo.

Siku iliyofuata, kwenye ghala anakofanya kazi ya kukunja maboksi, alimvuta kando Wilondja, Mkongo mmoja mnene mwenye maneno mengi. Wilondja alikuwa na pasi, na kila Jumatatu alikuwa akiwahadithia wenzake alivyopinduliwa.

"Pale getini," Didace akauliza, kana kwamba ni jambo dogo, "wanapima kidole tu?"

"Kidole tu, ndugu."

"Mate hawachukui?"

Wilondja akaacha boksi likaanguka. "Mate? Mate ya nini? Banataka kuonja nani?" Akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. "Huyu muzee anaogopa batamwonja!"

"Nimeuliza tu."

"Wewe sikia, Baba Mélissa." Wilondja akainama, akashusha sauti kwa mzaha. "Ile mashini yao ni mubaya. Inajua wewe, inajua baba yako, inajua mpaka kiko cha babu yako. Ukiweka kidole, inasema: karibu, mutoto wa fulani!"

Wote wakaangua kicheko. Didace naye akacheka. Lakini maboksi mawili yaliyofuata aliyakunja kinyume.

Alhamisi Spès alirudi kutoka kazini hotelini, akavua viatu na kuketi mbele ya Didace.

"Mama yake Élodie kaniambia atamchukua Mélissa Jumapili pamoja na wake. Atamlipia yeye. Sisi tutie sahihi tu."

"Umemjibu nini?"

"Nimjibu nini? Nimkatalie kwa sababu gani? Mtoto keshaanza kuuliza. Jana kaniambia, 'Mama, Papa anaogopa nini?'"

Didace akakaza macho kwenye mlango wa chumba cha watoto.

"Kidole hakijui baba yake ni nani, Didace."

"Wewe unajua kinajua nini? Wale watu sita kambini walijua?"

"Basi mtie ndani. Mfungie. Miezi miwili mingine atatimiza kumi na nne, wataanza kumdai alama kwenye karatasi zake za serikali. Utamficha wapi?"

Hilo lilimpiga. Alilijua, ila alikuwa akilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo gizani. Na jingine alilipima mwenyewe: akikataa kununua pasi, Spès atatia sahihi, Mélissa ataenda na mama yake Élodie, ataweka kidole, na yeye Didace hatakuwepo. Litakalotokea litatokea mtoto akiwa peke yake.

"Tutaenda wenyewe," akasema. "Wote. Nitanunua hiyo pasi."

Spès alidhani amekubali. Hakuwa amekubali. Alitaka tu kuwa karibu na mlango.

Jumapili, baada ya misa, Spès aliwasimamisha watoto sebuleni na kopo la Vaseline. Haendi mtu mbele za watu na ngozi iliyopauka, hata kama anaenda kupinduliwa. Akawapaka miguu, magoti, viwiko, uso, na viganja vyote viwili mpaka wakang'aa. "Mama, nitateleza kwenye kiti," Franck akalalamika. "Teleza ukiwa safi," akajibiwa.

Njiani kuelekea Arlington, iliko bustani, Didace aliendesha kimya. Aliangalia kioo cha nyuma mara nyingi kuliko barabara. Gari jeupe lilikuwa nyuma yao tangu Dallas. Lilipoacha barabara kuu akapumua, kisha likaja jingine, jeusi.

Kwenye maegesho tayari vilisikika vile vilio vya kutoka juu, watu wakishushwa kwa kasi kwenye reli. Vilikuja, vikakatika, vikaja tena. Mélissa alitembea mbele, karibu kukimbia. Didace aliacha gari likiwa limeelekea njia ya kutokea.

Kwenye dirisha la tiketi mambo yalikwenda upesi. Alilipa, akatia sahihi palipoandikwa mzazi, na kalamu iliteleza kwa jasho. Wakasogezwa kwenye foleni ya geti.

Hapo ndipo alipoiona. Meza ndefu chini ya turubai. Juu yake mashine. Kando ya mashine, msichana mwenye glavu za buluu.

Msichana alikuwa akipekua mifuko ya watu, kutafuta chupa. Didace hakuona mifuko. Aliona glavu. Macho yake yakatafuta pamba. Kulikuwa na kikopo mezani. Alishindwa kuona kilichomo. Nyuma kidogo alisimama askari mwenye bastola kiunoni, akitafuna kitu, akiwaangalia watu wakipita.

"Baba Mélissa, sogea," Spès akanong'ona. "Unaziba njia."

Spès akaweka kidole, taa ikawaka. Kijani. Franck naye akafutwa kidole kwa shati la mama yake, maana alikuwa amekwisha kukilamba, akaweka. Kijani. Akaruka upande wa pili kwa shangwe.

Mélissa akaweka.

Nyekundu.

"Tena," msichana wa glavu akasema kwa Kiingereza.

Akaweka tena. Nyekundu. Mashine ikalia mlio mfupi mkali. Didace akasogea karibu naye. Mara ya tatu. Nyekundu. Msichana akakunja uso, akaangalia kioo, akamwangalia Mélissa, kisha akamwangalia Didace. Akainua redio, akamwita msimamizi. Yule askari akaacha kutafuna.

Didace hakukumbuka baadaye jinsi alivyofanya. Alimshika Mélissa mkono juu ya kiwiko, mkono ukateleza, akaushika tena kwa nguvu zaidi, akapita naye chini ya kamba. Akamkanyaga mtu. Akaangusha kisanduku cha barafu cha mtu mwingine. Nyuma alimsikia Spès akiita, na sauti ya mwanamume: "Sir! Sir!" Hakugeuka. Alikuwa tena ufukweni mwa lile ziwa, na mtoto ni yule yule.

"Papa! Unaniumiza! Papa, nini?"

"Twende! Ingia ndani ya gari!"

"Ni mashine tu! Nifanye tena!"

"Usiwape kidole!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Walikuwa katikati ya magari, hatua chache kutoka gari lao. "Usiwape tena, umesikia? Wataona kwamba mimi si…"

Akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Mélissa aliutoa mkono wake taratibu. Hapakuwa na kivuli. Lami ilikuwa ikifuka moto.

"Wewe si nini?"

Nyuma ya Didace viatu vilikuwa vikija mbio. Didace akageuka, akajitanda mbele ya mtoto, mikono wazi. Alikuwa kijana mmoja mnene mwenye kofia ya msimamizi, uso mwekundu kwa jua, akihema. Hakuwa na pingu. Alishika pakiti ya karatasi zenye maji, zile za kufutia watoto wachanga.

Alisema maneno mengi kwa haraka. Mélissa akatafsiri bila kumtazama Didace.

"Anasema vidole vyangu vina mafuta. Anasema inatokea kila siku. Watu wanapaka mafuta ya jua, mashine haioni kitu. Nifute tu."

Msimamizi akachomoa karatasi moja, akampa. Akamtabasamia Didace, akasema wasiwe na haraka, akarudi alikotoka akijipepea kwa kofia.

Vaseline. Miaka yote hiyo alikuwa akiingojea mashine imseme. Mashine haikusema kitu. Amejisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mchana kweupe, katikati ya maegesho.

Mélissa alijifuta kidole kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu sana kwenye kile cha shahada.

"Wewe si nini, Papa?"

"Tuingie kwanza. Mama yako yuko peke yake."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Leo?"

"Leo."

Walirudi kwenye foleni. Mélissa alitembea hatua mbili mbele ya Didace, naye Didace hakuthubutu kuzifupisha. Aliweka kidole. Kijani. Akapita. Zamu yake ilipofika, Didace alikiangalia kile kioo kidogo alichokiogopa miaka yote, akaweka kidole chake bila kufikiri. Kijani. Hofu haikumtoka. Ilikuwa imehama tu. Sasa ilikuwa imesimama upande wa pili wa geti, ina miguu mirefu, imekunja karatasi yenye maji mkononi.

Spès aliziona sura zao. Alimchukua Franck, wakaenda kupanga foleni ya bembea ndogo.

Wao wawili waliketi kwenye benchi chini ya ile reli kubwa. Kila baada ya muda gari lilipita juu yao na vilio vyake, na Didace alilazimika kusubiri lipite ndipo aendelee. Alianza na jina la Sylvère. Alisema habari ya ufukwe, ya mgongo, ya karani na neno moja alilomjibu. Alisema habari ya pamba. Hakupamba chochote, hakujua kupamba. Aliikalia mikono yake.

Mélissa hakulia. Aliichana ile karatasi vipande vidogo vidogo, akaviweka mapajani.

"Sura yangu ni yake?"

"Miguu. Na ubishi."

"Watanirudisha?"

"Sijui," Didace akasema. Hakutaka kumdanganya tena. "Siku zote nimeogopa hilo. Mpaka leo naogopa."

"Na mimi je? Hukuogopa mimi kutojua?"

Gari likapita juu. Didace akangoja lipite. Akatikisa kichwa tu. Mtoto akageuza uso upande mwingine, akatazama watu wakipita na maputo. Didace alitaka kumshika bega. Aliogopa ataliondoa.

"Baba Mélissa!" Spès akaita kutoka kule kwenye bembea, mkono juu. "Baba Mélissa!"

Jina lile likabaki hewani. Didace hakuinuka. Hakuitika. Alikaa juu ya mikono yake, akimngoja Mélissa.

Mélissa alivikusanya vile vipande vya karatasi kiganjani, vyote, mpaka cha mwisho.

"Unaitwa, Papa," akasema.