Askofu Mwenye Upanga

Dalmas alijipa uaskofu mwenyewe, mwaka wa tatu baada ya kufungua kanisa la mabati nyuma ya machimbo ya mawe, Kitengela. Hakuna aliyelalamika. Kilichomkera yeye ni shingo ya Mama Leshan.

Mama Leshan, Nashipae kwa jina, ndiye aliyeongoza kwaya. Kila Jumapili alivaa shanga za nyanya yake, na katikati sarafu nzito ya fedha, nyeusi kwa uzee, imetobolewa tundu. Dalmas aliamini ni kitu cha mizimu. Siku moja alimwita mbele, akahubiri juu ya ndama wa dhahabu, na Nashipae, kwa kuheshimu madhabahu, akaifungua sarafu akamkabidhi.

Ilifaa kutupwa mtoni. Lakini fedha ni fedha, na Dalmas hakuwa na pete ya kiaskofu. Akaipeleka kwa Githongo, sonara, aiyeyushe.

Githongo aliisugua kwanza. Chini ya weusi akatokea mtu mwenye kofia ya askofu, mkono mmoja fimbo, wa pili upanga. Akaipiga picha, akatafuta kwenye simu, kisha akamsomea Dalmas: zamani Ujerumani kulikuwa na maaskofu waliotawala miji kama wafalme. Walitoza ushuru, walipigana vita, walitengeneza pesa zao. Huyu alikuwa wa mji wa Münster.

Dalmas aliisogeza sarafu kwenye mwanga. Fimbo na upanga! Alisema isiyeyushwe, itiwe mnyororo.

Jumapili ikamkuta ameivaa. Alihubiri kwamba askofu wa kweli hutawala roho, na mji pia. Nashipae alimsikiliza hadi mwisho, ndipo akasimama.

"Askofu, hiyo shetani yangu imeokoka lini?"

Waimbaji wakatazama viatu vyao. Dalmas alieleza kwamba kumbe si shetani. Ni mtumishi wa Mungu, mwenzake.

"Basi nirudishie. Huyo mtumishi amekaa kwetu tangu koko, nyanya yangu, akiwa msichana, na hajawahi kuitisha sadaka."

Dalmas aliinamisha kichwa. Akaivua. Mnyororo alikuwa ameununua yeye, lakini kuutoa mbele ya watu wote hao kungeonekana uchoyo, akauacha. Nashipae aliuvaa na sarafu yake, akamshukuru, akaanzisha wimbo. Askofu aliitikia besi, kwa kuwa kwaya haikuwa na mwingine wa sauti hiyo.