Kofia Tatu za Mjomba Cleotis

Baada ya ibada, uani kwa Mjomba Cleotis, mjini Macon, kusini mwa Marekani, watu walijaa hadi barazani. Kambare walikuwa wakikaangwa, na kila aliyepita karibu na Tavaris alimpiga begani akitaka kujua anahamia chuo gani. Tavaris alicheka tu, macho chini.

Ukweli hakuwa amemwambia mtu. Mwezi wa nne, baada ya kusugua benchi msimu mzima katika timu ya kikapu ya chuo chake, hasira zilimpanda, akaingiza jina kwenye dirisha la uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, bila kumwuliza mtu. Alidhani makocha wa vyuo vingine wangemgombania. Simu ikanyamaza. Aliporudi kuomba nafasi yake, kocha wa zamani alimweleza, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba ilishapata mwenyewe, na sheria haimlazimishi kumpokea aliyeomba kuondoka. Ufadhili wa masomo nao ukakatwa. Nyumbani akasema bado anachagua.

Basi Mjomba, mtu wa makeke, akatoa meza, akapanga kofia tatu za vyuo vikubwa, kama wafanyavyo wachezaji wa sekondari, wanaotangaza chuo walichochagua kwa kuvaa kofia yake. Watu wakainua simu kurekodi.

"Haya mpwa wangu, vaa moja tuione. Ila ukichagua mahasimu wa timu yangu, samaki hupati."

Uani pakalipuka kwa kicheko. Mama yake Tavaris, Rochelle, alisimama mbele kabisa, bado kavaa nguo za kanisani. Mkono wa Tavaris ukaigusa kofia ya katikati. Angeivaa, wangeshangilia, na video ingezagaa mji mzima kabla samaki hawajapoa. Akaurudisha mkono.

"Hakuna chuo kilichoniita, Mama. Hata nilikotoka hawanitaki tena."

Shangazi mmoja akauliza kasema nini. Mwenzake akamjibu kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani. Simu zikashuka, isipokuwa ya binamu mmoja, mpaka Rochelle alipomkazia macho.

"Na mimi kila Jumapili nasimama kanisani nakutangaza," akamwambia mwanawe. "Ukanitazama tu."

Rochelle akapakua sahani mbili, akavuta viti viwili katikati ya ua.

"Kaa hapa. Wakitutazama, watutazame wote wawili. Kesho tunatafuta chuo cha kusoma, si cha kikapu."

Tavaris akakaa. Samaki hakuwa na ladha yoyote, lakini alikula, na mama yake akala.