Mpishi Aliyetokea Kwenye Picha za Wanyama

Nyangi alikuwa akichagua mchele kwenye uteo, nyuma ya jiko la hoteli iliyo juu kwenye msitu wa Gwassi, Kerosi alipoingia na bahasha. Kerosi ndiye aliyekuwa meneja. Picha za wageni zilioshwa mjini Homa Bay, katika studio ya Abdirashid, kisha zikapanda mlima kwa pikapu ya omena, ndiyo maana wazungu wengi walirudi kwao na picha za mbega wanaonuka samaki.

"Mama Dorine, hebu angalia," akamwambia Nyangi.

Mgeni alikuwa amempiga picha mbega juu ya mti. Kwenye picha, aliyekaa juu ya tawi alikuwa Nyangi, na aproni yake ya maua, anatafuna jani. Ya pili ilikuwa ya nguruwe mwitu, yaani Nyangi amepiga magoti kwenye matope. Ya tatu ndiyo iliyotoka vizuri: Nyangi anaruka kutoka mti hadi mti, kitambaa cha kichwa hakijasogea.

"Aproni hii nimefua juzi," Nyangi akasema. "Mbona inakaa chafu?"

"Si ni matope."

"Basi sawa."

Nyangi naye alikuwa na shida yake, akaona hapo ndipo pa kuisemea. Binti yake Dorine alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kule Migori, na kwa kina Nyangi jina la mjukuu wa kwanza hulitoa bibi mzaa mama, mtoto akiwa amebebwa na bibi mwenyewe. Kabla ya hapo mtoto hana jina. Kwa hivyo nyumbani walikuwa wakimwita Huyu. Nyangi aliomba ruhusa tangu mvua ndefu, akaambiwa hakuna mwingine wa kupika.

"Ruhusa gani tena?" Kerosi akauliza, akigonga picha kwa kidole. "Kila siku uko matembezi. Mimi mwenyewe sijawahi fika hiyo miti."

"Mimi niko hapa jikoni, Bwana Meneja. Chapati unakula ni ya nani?"

"Ni yako. Lakini na picha nayo iko."

Nyangi akarudi kwenye mchele.

Wageni hawakulalamika. Mjerumani mmoja alisema hajawahi kuona mbega anayetazama kamera kwa heshima namna ile. Mwingine alijaribu kumpiga picha Nyangi mwenyewe, amesimama mlangoni pa jiko. Akapata mlango.

Huyu akaota meno, akaanza kusimama. Dorine akatuma neno kwa dereva wa pikapu: "Mwambie mama majirani wanatucheka. Nikiita Huyu, watoto wa ploti nzima wanakuja."

Nyangi akaomba tena. Kerosi akasema ataangalia, wageni wa Desemba wakishaenda.

Wageni wa Desemba waliteremka hadi mbuga ya Ruma, wakampiga picha twiga na ndama wake. Picha zilipopanda, Nyangi, ambaye hata kopo la sukari hulifikia kwa stuli, alikuwa amesimama katikati ya migunga, anakula majani ya juu kabisa. Mgongoni amebeba mtoto mnono kwa leso.

Nyangi akapangusa mikono, akaishika picha kwa kingo.

"Masikio ni ya babake," akasema.

"Umeona sasa," Kerosi akamwambia kwa upole. "Ruhusa ni ya nini, na mtoto umeshabeba?"

Picha ile ilipendwa mpaka ikafanywa postikadi, ikauzwa hadi Migori. Chini yake paliandikwa: Twiga Mdogo na Mamake. Dorine aliikuta dukani kwa Idil. Akamtambua mama, akamtambua mtoto, akasoma maandishi. Akashukuru kwamba jina limetolewa hatimaye, tena mtoto akiwa mgongoni, kama inavyotakiwa.

Dereva wa pikapu ndiye aliyeleta habari, Nyangi akisonga ugali wa mchana.

"Mjukuu anaitwa Twiga."

"Anakula vizuri?"

"Anakula."

"Na hilo jina limetolewa na nani?"

"Si ni wewe, Mama," dereva akasema, na Nyangi akaendelea kusonga, maana wageni walikuwa wameshaketi.